Kunguru wa Ponnuthayi

Kila asubuhi, kabla hajaonja chochote, Ponnuthayi aliweka tonge la wali juu ya ukuta wa ua, marehemu mumewe aje kula katika umbo la kunguru, kama wafanyavyo wajane wote wa kijiji. Kunguru wakajaa, na mwewe aliyezoea kunyakua vifaranga wakamfukuza hadi akahama. Lakini leo hao hao kunguru walikuwa wamebeba kifaranga wa tano.

"Si uwafukuze tu, dada," jirani yake Sellammal alisema.

Ponnuthayi akaketi kizingitini, hoi.

"Nimfukuze mume wangu? Ndivyo alivyokuwa. Wezi hawakuthubutu kukanyaga hapa, na vyote walivyoshindwa kuiba alivimaliza yeye."