Mvumo Nyuma ya Sauti ya Dada

Mtaa mzima ulimwita Sikio, na jina hilo lilimkaa vizuri. Angeweza kuwa sebuleni kwa watu, mazungumzo yamekolea, akainuka ghafla kwenda kuzima friji ya mwenye nyumba kwa sababu eti inaguna. Watu walicheka wakidhani anatania. Sikio na utani wapi na wapi, hasa kwenye mambo ya kelele.

Kazi yake ilikuwa kufunga spika na vyombo kwenye kumbi na nyumba za ibada. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa kwenye chumba cha nyuma pale kwake, alichokiziba madirisha na kukipigilia magodoro ukuta mzima, akakiita studio. Ndani yake mlikuwa na maiki moja nzuri, mixa, kompyuta, na waya za kumkwaza kila aingiaye. Humo ndimo dada yake mkubwa alimomkuta siku aliyotoka kwa daktari. Alikuwa amempakata mwanawe, binti aliyekuwa ameanza tu kutambaa.

"Uvimbe umeshika kisanduku chenyewe cha sauti," dada alisema. "Watakitoa chote. Nitapumulia tundu hapa shingoni, na kuongea ndiyo basi tena."

Sikio alikaa chini. Dada huyu ndiye aliyemlea, akamwogesha, akamchapa, akamgombeza kutwa kucha kwa sauti iliyofika kona ya barabara. Akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Usinililie, sijafa," dada akasema. "Nina ombi. Huyu mtoto hatakumbuka hata siku moja kwamba mama yake aliwahi kuongea. Nirekodi ule wimbo ninaombembelezea, na maneno kidogo ya kumwambia akikua. Au nijirekodi tu kwenye simu?"

"Simu, dada? Mimi nipo hai, mtoto aachiwe sauti ya mama yake inakwaruza? Niachie mimi."

Dada akamwachia. Ndugu yake ndiye fundi, na ukiwa na fundi ndani ya nyumba unamsikiliza.

Sasa, Sikio alikuwa ametoka kupata pachibei kuukuu kutoka kituo cha redio kilichofunga milango. Ni bamba la chuma lenye safu mbili za matundu. Waya zote za studio huishia nyuma yake, kisha mbele unaunganisha chombo hiki na kile kwa waya fupi, bila kutambaa chini ya meza kama mjusi. Chombo kizuri, hakuna ubishi. Alikuwa amekitamani miaka, na akajiambia kwamba sauti ya dada itapita humo, itoke safi kama ya redioni. Akashinda na chuma cha kulehemu mkononi, moshi wa risasi ya kulehemu ukimuumiza macho, akiunga waya mmoja baada ya mwingine.

Dada alipokuja kurekodi, Sikio alivaa hedifoni, akafungua maiki, akakunja uso. Nyuma ya pumzi za dada kulikuwa na mvumo. Mwembamba, wa chini, hauishi.

"Kuna nini?" dada akauliza.

"Ethi," akajibu, kama mtu anayetaja jina la mchawi wake.

Alijua kosa lake, na lilimuudhi. Kila waya wa sauti umevikwa wavu wa shaba, kazi yake kuzoa uchafu wa umeme na kuupeleka ardhini; hiyo ndiyo ethi. Wavu huo ukiufunga ncha zote mbili, umeme unapata njia ya duara na kuanza kuzunguka, na huko kuzunguka kwake ndiko kunakosikika. Yeye kwa pupa alikuwa amefunga ncha zote mbili, waya zote. Akaingia chini ya meza na koleo, kuzikata upande mmoja.

"Wewe endelea kuongea tu," alimwambia dada. "Nataka kitu cha kulinganisha na mvumo."

Basi dada aliongea. Alikuja siku ile na siku zilizofuata, akakaa mbele ya maiki na mtoto mapajani, na ndugu yake miguu tu ndiyo iliyoonekana. Alisimulia namna Sikio alivyokuwa mdogo akilia kila redio ya jirani inapozimwa. Alimwimbia mtoto ule wimbo, akausahau katikati, akacheka, akaanza upya. "Unamwona mjomba wako?" alimnong'oneza. "Ana wazimu, lakini ni wetu. Ukikua usimwache ale peke yake." Mtoto alikuwa akijaribu kuimeza maiki.

Kompyuta ilirekodi yote hayo. Jioni Sikio aliyasikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, macho kayafumba, na hakusikia hata neno moja. Alikuwa akiutafuta mvumo. Ulikuwa umepungua, lakini upo. Na kwa kuwa ilikuwa desturi yake kutoacha jaribio la zamani likachanganyika na jipya, kila asubuhi kabla ya kushika kazi alifuta yote ya jana. Faili chafu, aliziita.

"Si unirekodi hivyohivyo?" dada alisema siku moja. Sauti ilikuwa imeanza kukauka, maneno mengine yakitoka nusu. "Au chomeka hiyo maiki moja kwa moja kwenye mixa, hilo bamba ulipe likizo."

Tuseme ukweli, angeweza. Ilikuwa kazi ya kuchomoa waya mmoja na kuuchomeka kwingine, hata mtoto wa shule angeifanya. Lakini mtu akishapania kitu chake, utamwambia nini? Alimtazama dada kwa uchungu wa kweli, maana alimpenda, na mapenzi hayohayo ndiyo yaliyomtia upofu.

"Dada, nivumilie kidogo. Huyu mtoto atakusikiliza maisha yake yote. Sitaki asikie hata chembe ya kelele."

"Kidogo ngapi, mdogo wangu? Mimi nakwisha."

"Upasuaji ni wiki ijayo, muda tunao. Nitamaliza."

Kesho yake aliamka na wazo ambalo angepaswa kuwa nalo tangu mwanzo. Hakuwahi kuifungua pachibei yenyewe. Alikuwa ameiamini, eti imetoka redioni, ilifungwa na wenye kazi yao. Akazima simu, kwa sababu simu iliyo karibu na waya hupenyeza mikwaruzo yake na kumpotosha anayesaka kelele. Akafunga mlango wa magodoro, akavaa hedifoni, akaanza kulegeza skrubu.

Kumbe! Nyuma ya bamba, mtu asiyemjua alikuwa amelehemu mkanda wa shaba kutoka tundu hadi tundu, akaushindilia kwenye chuma chenyewe. Kila alichokuwa akikikata huku, mkanda ule ulikiunganisha tena kule. Sikio alitukana, akacheka, akaung'oa kipande kwa kipande. Kisha akapeleka ethi zote kwenye bolti moja, kila moja na waya wake, zisikutane mahali pengine popote. Akakaza nati, akafungua maiki, akapandisha sauti hadi mwisho.

Hakuna kitu. Kimya kitupu. Alijisikia akimeza mate, na furaha ikamjaa mpaka akapiga meza ngumi. Akawasha simu kumwita dada.

Shemeji yake alipokea kabla haijalia vizuri.

"Shemeji, ulikuwa wapi wewe?"

"Nipo studio. Mwambie dada aje, imekaa sawa."

"Yuko ndani ya chumba cha upasuaji." Shemeji alivuta pumzi. "Mgonjwa wa leo alishikwa na homa, wakamrudisha, wakatuita sisi. Tumekupigia, simu imezimwa. Tukapita kwako."

"Mmepita saa ngapi? Mbona sikusikia?"

"Tumegonga mpaka mikono ikauma. Dada yako akazunguka nyuma, akasimama pale palipokuwa na dirisha, akawa anakuita. Alitaka umrekodi hivyohivyo, na kelele zake. Aliita mpaka sauti ikakatika, shemeji. Ndiyo nikamchukua."

Sikio akajitazama, hedifoni bado shingoni, koleo bado mkononi. Alitamani kufa.

Dada alirudi nyumbani akiwa hai, na kwa hilo wote walishukuru. Siku alipopata nguvu alikuja mwenyewe kwenye chumba cha nyuma, kitambaa chepesi kimefunika tundu la shingoni, mtoto ubavuni. Hakuwa na uso wa hasira. Alikaa kwenye kiti chake kilekile, akaigusa maiki, akaonyesha chini ya meza alikokuwa akilala ndugu yake. Akazungusha kidole hewani, rudisha nyuma, kisha akalishika sikio la mtoto na kutabasamu.

Sikio alielewa. Alitaka yale ya majaribio, yenye mvumo, yenye kicheko na wimbo uliosahaulika katikati. Kwake yeye hayo yalitosha kabisa. Alikuwa amekuja akijua yapo.

"Dada," alisema. "Nilifuta."

Dada akainamisha kichwa upande, kama hakusikia vizuri.

"Nilifuta yote. Kila asubuhi nilikuwa nafuta. Yalikuwa na mvumo."

Tabasamu liliondoka polepole. Dada alimshusha mtoto sakafuni, akasimama, akamwendea ndugu yake mpaka karibu kabisa, kidole kimeinuka, na Sikio aliujua uso ule tangu utotoni. Alijiinamisha kuupokea mkong'oto wa maneno. Aliutaka. Angetoa chochote autoe wote, hapo hapo, mtaa mzima usikie.

Dada akafungua kinywa. Midomo ikaenda mbio, shingo ikasimama mishipa, na chini ya kitambaa pumzi ikatoka kwa nguvu, ikatoka tena. Mtoto aliacha kutambaa, akainua macho kwenye midomo ya mama yake, akangoja.