Moto wa Kuomba

Wewe uliyekaa hapo, sogea nikuulize. Nina kitu nyumbani. Jirani akija nikimpa, changu hakipungui. Akikirudisha, changu hakiongezeki. Ni nini?

Usikimbilie. Stanislas alikimbilia akajikwaa, naye hakuwa mjinga. Kwa miaka ishirini na nane alipanda nguzo za umeme unaotoka bwawa la Mwadingusha, na hakuna waya wa Likasi ambao hakuujua. Mwaka ule wa themanini kampuni ilimwambia amezeeka, ikampa saa ya mkononi na pesa za kumuaga. Mwisho wa mwezi alitakiwa kurudisha funguo za nyumba ya kambi, kwa maana nyumba ya kambi ni ya mwenye kazi, na kazi ilikuwa imekwisha. Pesa zile zilitosha nyumba moja. Ukikosea, hakuna ya pili.

Nyumba zilikuwa mbili. Moja ilikuwa Ville, kwenye nyumba za zamani za Wazungu, ya karani mmoja aitwaye Ambroise aliyehamishiwa Lubumbashi. Nyingine ilikuwa Kikula, mtaa wa watu wa kawaida, ya mzee Germain aliyekuwa anarudi kijijini kwao. Kati ya Ville na Kikula hapana safari. Sufuria ukiiteleka huku, unaweza kwenda kule ukarudi kabla haijachemka. Lakini mtu akihama upande mmoja kwenda mwingine, watu husema amehama dunia.

Stanislas alitaka Ville. Mkewe, Gertrude, hakusema anataka wapi. Jumatatu jioni, wakila bukari, ugali wa kwao, alimtegea kitendawili hiki nilichokutegea wewe.

"Ile nyepesi," Stanislas akasema, tonge likiwa bado mdomoni. "Courant."

"Jirani akivuta waya kwako, taa yako haififii?"

Stanislas akatafuna. "Inafifia."

"Basi haiko courant. Fikiri tena, Baba Hélène. Nakupa mpaka Jumapili. Ukishindwa utanipa mji, na mji nitachagua minye mwenyewe."

Stanislas akacheka. Alidhani ni mchezo wa vitendawili tu, pale anayeshindwa husema "nakupa Kolwezi," wakacheka, wakalala. Kwenye vitambulisho serikali, iliyokataza majina ya Kizungu, ilikuwa imemwondolea Stanislas jina la ubatizo, lakini Gertrude alikuwa hajamwondolea kitu, hata ile tabia ya kucheka kabla hajaelewa.

Jumamosi Ambroise aliwaachia ufunguo washinde mchana kutwa katika nyumba yake, waione vizuri. Gertrude alibeba sufuria, unga, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa, na mbabula yake, lile jiko la makaa.

"Mbabula ya nini?" Stanislas akauliza. "Kule kuko jiko ya courant, plaque mbili!"

"Njo maana nabeba."

Nisikudanganye, nyumba ilikuwa nzuri. Sakafu ya saruji nyekundu iling'aa mpaka ukaona aibu kuikanyaga na viatu. Bomba la maji lilikuwa ndani, jikoni kabisa. Gertrude alilifungua, akalifunga, akalifungua tena. Maji yalimwagika mkononi mwake kama kitu kisichojua mtu hubeba ndoo. Moyo wake ulilitamani bomba lile, wala hakulificha hilo.

Stanislas yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha fyuzi. Alitoa tournevis yake, bisibisi yenye taa ndani ya kupimia umeme, akaweka ngazi, akapima chumba kwa chumba, akihesabu kwa sauti. Kazi hiyo ilichukua saa mbili nzima. Hivyo ndivyo mtu wa kambi anavyoangalia nyumba. Kambini jirani humchagui, kampuni inakupa jirani pamoja na ukuta. Kwa hiyo unaangalia taa na maji, ukimaliza umemaliza.

"Mama Hélène! Waya zote mupya! Hapa mutu analala bila wasiwasi."

Hajamaliza, radi ikapiga. Ilikuwa Januari, mwezi ambao mvua ya Likasi haiombi ruhusa. Taa ya jikoni ikazima, na ya nyumba ya pili, na ya mtaa mzima.

"Laini imekatika," Stanislas akasema, sikio juu, kama mtu aliyesikia mtoto wake akilia mbali. "Mpaka jioni."

"Na jiko?"

Stanislas akazungusha vifungo vya plaque, kimoja baada ya kingine. Baridi.

"Bon," Gertrude akasema. "Kiberiti yangu imelowa maji ya bomba. Enda uombe moto kwa jirani."

"Minye?"

"Hakuna mwanaume mwingine hapa."

Mvua ilipopungua Stanislas akatoka. Gertrude alimwangalia dirishani. Kwenye geti la kwanza mbwa alimjibu, mwenyewe hakumjibu. Kwenye la pili mtumishi alisema patron hayupo. Kwenye la tatu bwana mmoja mstaarabu, mwenye miwani, alifungua geti kwa upana wa kiganja, akamsikiliza, akaingia ndani, akarudi na kiberiti kizima, kipya, akakipitisha kwenye vyuma.

"Chukua, papa. Usijisumbue kurudisha."

Stanislas akarudi na kiberiti kama mtu aliyeshinda kombe. "Unaona? Bantu ba huku ni bazuri. Amenipa nzima!"

"Mzuri sana," Gertrude akakubali, na alimaanisha. "Jina lake nani?"

"Hakusema."

"Alikuuliza lako?"

Stanislas akawasha njiti, akainama kupuliza. Makaa yakashika, bukari ikaiva, wakala wawili peke yao katika nyumba ile yenye mwangwi. Mpaka walipofunga mlango saa kumi hakuna aliyewapigia hodi.

Jumapili, baada ya misa, walikwenda Kikula. Hapo pia sitakudanganya. Matope yalimvua Gertrude kiatu mara mbili. Baa ya pembeni ilikuwa imeanza muziki kabla ya padri kumaliza baraka. Nyumba ya Germain ilikuwa na vyumba vitatu, kimoja hakina bati, na bomba lilikuwa la watu wote, mwendo wa nyumba nane. Stanislas alitazama ule waya mmoja ulioning'inia ukutani, akafanya ishara ya msalaba.

"Huyu waya utaua mutu."

"Weye utaufunga," Gertrude akasema, akiweka mbabula chini. "Sasa enda, uombe moto."

"Kiberiti ya jana iko kwa mufuko wangu!"

"Iache kwa mufuko. Enda."

Akaenda, akinung'unika. Gertrude akapanga makaa, akakaa juu ya tofali, akangoja. Akaosha sombe. Akangoja. Jua likasogea kutoka chumba chenye bati hadi kile kisicho na bati, na mumewe hakurudi. Mwishowe akamfuata.

Alimkuta nyumba ya tatu, amesimama juu ya kiti, tournevis mdomoni, mikono ndani ya dari. Chini yake alikuwa mama mmoja mnene, mikono imejaa unga, akikaanga vitumbua vya kuuza na kumwelekeza mwenye kazi kazi yake.

"Si pale, papa! Pale pa juu njo panapiga cheche!" Akamwona Gertrude. "Ah, njo bibi yake? Karibu, mama. Minye ni Philomène. Amesema munatoka kambi, na mutoto wenu Hélène iko anafundisha Mulungwishi, na yeye papa mguu wake wa kushoto unauma kwa baridi. Nimemwambia apake mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese."

"Amesema yote ile?"

"Nilimuuliza."

Sakafuni kulikuwa na kifuniko cha kopo, na juu yake makaa matatu. Yalikuwa yamekwisha kuwa majivu.

"Baba Hélène. Moto umekufa."

Stanislas akatoa tournevis mdomoni. "Nilisema nifunge huyu waya kwanza, dakika tano tu."

Philomène akacheka mpaka kitumbua kikaungua. Akachota makaa mengine, mekundu, akayatia kwenye kile kile kifuniko, akampa Gertrude mkononi. "Kifuniko yangu naitaka leo leo, mama. Si kesho. Niko nayo moja tu."

Gertrude alipika. Sombe ilipoiva, akaosha kifuniko, akakijaza sombe ya moto, kwa maana chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata kambini mama zetu walitufundisha hivyo. Akampa Stanislas apeleke. Safari hii hakunung'unika. Akarudi na kifuniko kile kile, kimejaa vitumbua, na nyuma yake sauti ya Philomène ikivuka nyua mbili: "Na kifuniko yangu, papa! Leo leo!"

Stanislas akasimama katikati ya kile chumba kisicho na bati, kifuniko mkononi. Akatazama juu, kwenye mawingu, kisha upande wa Ville, ambako mapaa ya vigae yalionekana. Gertrude alijua anawaza sakafu nyekundu na fyuzi mpya. Na yeye aliwaza bomba.

"Maji utabeba," Stanislas akasema polepole. "Kila siku. Nyumba nane."

"Nilibeba kabla sijakujua. Hélène alizaliwa mikononi mwa jirani, weye ukiwa pa juu ya nguzo. Mara nyingine itakuwa weye umeanguka, ao minye. Nitapiga kelele. Nataka pahali kelele yangu itajibiwa."

Hakusema zaidi. Alimega kitumbua, akampa nusu.

"Kesho Ambroise anataka jibu," akamkumbusha. "Na minye leo nataka langu. Siku imefika, Baba Hélène. Jirani akija nikimpa, changu hakipungui. Akikirudisha, changu hakiongezeki."

Stanislas akatafuna taratibu. Mfukoni kiberiti cha yule bwana wa miwani kilikuwa bado kimejaa, alikigusa, akakiacha. Akayatazama makaa ya Philomène yakiwaka ndani ya mbabula ya mkewe.

"Moto," akasema. "Sikushindwa, hata kidogo. Lakini mji nakupa hata hivyo. Chukua Kikula."