Sikio la Kushoto la Mbuzi

Saa nne asubuhi, karani wa hakimiliki akiwa anakunywa chai, mbuzi wa wino alitoka kwenye mkebe wa filamu namba arobaini na moja, akashuka kabatini na kwenda kukaa kwenye benchi la wateja. Mlinzi alimpa namba ya foleni. Mfagizi alimtandikia gazeti, maana alikuwa akichuruzika.

"Karani, una mgeni," alisema mfagizi. "Ana adabu kuliko wengi wanaopita hapa."

Filamu ya mbuzi huyo ilikuwa katuni ya zamani ya dakika sita, isiyo na sauti. Kwa hiyo zamu yake ilipofika alifungua mdomo, na kibao cheusi chenye maandishi meupe kikatokea hewani: NANI ALINICHORA? Watu wa foleni walingoja mpaka kila mmoja amalize kusoma.

Karani alifungua faili. Kwa sheria zao, katuni ya mchoraji anayejulikana ni mali yake maisha yake yote. Ya mchoraji asiyejulikana, ikishazeeka, huwa ya kila mtu. Mwezi uliopita karani alikuwa ameigonga muhuri: MCHORAJI HAJULIKANI. Sasa mbuzi yuko kwenye kila pakiti ya sabuni.

Lakini karani alimjua mchoraji. Sikio lile la kushoto lililokunjika lilikuwa kwenye majalada ya madaftari yake yote ya shule, alichorewa na shangazi aliyemlea. Ila siku ya muhuri ilikuwa Ijumaa, mchoraji anayejulikana ana fomu kumi na moja, na kabati lilitakiwa liwe tupu. Kuufuta muhuri huo kungetaka aandike kwa mkono wake kwamba alijua.

Alifunga faili.

"Twende nyumbani," alimwambia mbuzi, bila kumtazama.

Shangazi alikuwa mlangoni, juu ya mkeka, akishona kifungo cha shati la karani kwa kupapasa, kwani macho yalishamchoka. Mkono wake ulilipata sikio.

"Ee, umekuja, mwanangu! Hili nililikosea kwenye karatasi ya kwanza. Karatasi zilikuwa za shida, nani angethubutu kuitupa? Nikalikosea tena mara elfu tatu, ili ionekane nimekusudia." Akacheka mpaka akakohoa, kisha akamgeukia karani. "Na huko ofisini, jina langu mmeshaliandika?"

"Bado wanatafuta, shangazi."

Mbuzi alifungua mdomo chini ya mkono wa shangazi. Kibao kikatokea: HUYU ALIJUA.

"Anasemaje?" aliuliza shangazi.

Karani alikisoma mara mbili.

"Anakuamkia. Anasema shikamoo."

"Marahaba, marahaba," shangazi alimjibu mbuzi, akasogea ampe nafasi kwenye mkeka. Kisha akakata uzi kwa meno na kumpa karani shati lake.

Muhuri uko vilevile. Kibao nacho hakikuondoka. Kinaning'inia pale mlangoni mpaka leo, na karani huinama kidogo anapoingia.