Hamu ya Kumpakata Mume Mdogo

Nimesuka vichwa vya watu maisha yangu yote, na vidole vyangu vimevumilia kila aina ya nywele na kila aina ya umbea. Malengelenge yalipoanza kinywani, nilidhani nimekula kitu kibaya. Yakashuka kifuani na mikononi, yakapasuka, ngozi ikabaki mbichi kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Wateja wakapungua, kila mmoja na msiba wa shangazi yake. Miezi hiyo mashangazi walikufa wengi sana mtaani kwetu.

Hao sikuwalilia. Niliyemlilia ni mume wangu. Si yule wa ndoa. Huyo alishatangulia mbele ya haki. Namaanisha mjukuu wangu, anayetambaa bado na kuniita "Bi" kwa mate mengi. Mkwe wangu alimleta mpaka mlangoni tu, amemkumbatia kama trei ya mayai.

"Mama, usinielewe vibaya..."

"Nimekuelewa vizuri, mwanangu. Ndiyo maana inauma."

Mimi na mkwe wangu tulizunguka kwa matabibu. Mmoja akasema ukurutu, mwingine fangasi, wa tatu jicho la jirani. Mwishowe nikafika kwa daktari wa ngozi, binti mwenye sauti ya upole. Aliweka kidole gumba pembeni ya lengelenge, palipoonekana ngozi nzima, akasukuma kidogo. Ikateleza kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Akasema atakata kipande cha kupima, na akachagua palepale pembeni, pasipo na kidonda.

"We mtoto, mbona unanikata pazuri? Pabovu kote huku hupaoni?"

"Kidonda kimeshaharibika, mama, hakina la kusema. Shahidi ni jirani yake."

Majibu yakaja: pemfigasi, ugonjwa adimu.

"Askari wa mwili wako wamekugeuka," daktari akasema. "Wanabomoa gundi inayoshika ngozi. Lakini hauambukizi hata chembe."

"Hilo la mwisho lirudie, huyu mkwe asikie."

Akarudia. Mkwe wangu akalia palepale kitini. Nikapewa vidonge vya kuwalaza hao askari, pamoja na onyo: wakilala, ugonjwa wa mtu mwingine utaniingia bila hodi. Na tetekuwanga, ambayo sijawahi kuugua, niikimbie kama moto.

Dawa ikanivimbisha uso, nikapata mashavu ya bwanyenye, lakini vidonda vikakauka. Siku ya kumpakata mume wangu ilipofika, nilivaa gauni langu laini kuliko yote, nikakaa kusubiri kama mwali.

Hodi ikabishwa. Mkwe wangu alisimama mlangoni akicheka. "Mama, leo mchukue mwenyewe."

Mtoto akaninyooshea mikono. Nami nikanyoosha yangu. Ndipo nikaviona, kwenye paji lake la uso na nyuma ya sikio: vilengelenge vidogo, vibichi, vinameta maji.

"Rudi nyuma."

"Mama?"

"Rudi nyuma, mwanangu! Ana tetekuwanga."

Nikaufunga mlango kwa mikono ileile iliyokuwa imenyooshwa. Nje, mume wangu akaangua kilio cha mtu aliyepewa talaka hadharani. Nikaegemea mbao za mlango.

"Basi tumpeleke hospitali, mama. Tunaondoka."

"Mpeleke," nikasema. "Ila subiri kidogo, mwanangu. Mwache kwanza alie hapo hapo, nimsikie."