Cere ya Obitre Kwenye Simu za Watu

Mzazi mwenye mtoto anayetengeneza gemu za mtandao asome haya polepole, kwa sababu yaliyompata Eyotaru wa Manibe, nje ya mji wa Arua, hayakuanza kwa ubaya.

Alikuwa anamenya muhogo uani aliposikia cere ya kaka yake Obitre ikitokea barabarani. Kwetu Walugbara mtu mzima ana cere yake, mlio mrefu wa juu anaoutupa kutoka mbali, akirudi kunywa pombe, akicheza matangani, ama akipatwa na shida. Ukiusikia unajua ni fulani, na unajua kama anafurahi au anaita watu. Mtu mwingine hauchukui. Ni kama kuingia nyumbani kwa mtu na kuvaa nguo zake.

Eyotaru akaacha kisu, akakimbia. Barabarani hapakuwa na Obitre. Palikuwa na watoto waliotoka shule ya Ediofe, wameinamia simu moja.

"Nani ameita hivyo?"

"Si sisi, mama. Iko gemu. Ukishinda inalia," mmoja akasema, kisha akaitoa cere kwa mdomo wake mwenyewe, sawasawa kabisa.

"Gemu ya nani?"

"Ya Daisy wa Koboko. Kila mutu anacheza."

Daisy huyo ni binti yake Eyotaru mwenyewe. Alipanga chumba Koboko, anasoma mambo ya kompyuta, na alitengeneza gemu kwenye ule mtandao ambapo wachezaji wenyewe ndio wanaotunga gemu. Unaendesha bodaboda sokoni, unakwepa mbuzi na meza za nyanya. Mwanzoni milio yake ilikuwa ile ile inayopewa kila mtu bure, na hakuna aliyeijali. Daisy akaitupa. Akaweka mbuzi wa kweli, mafuta ya chapati yakichemka, na mama wa sokoni akiuliza, "Kwani macho umeacha nyumbani?" Watu wakaanza kuja. Halafu akaweka cere ya mjomba wake. Alikuwa amemrekodi akiwa likizo, naye Obitre alidhani mpwa wake anataka ukumbusho, akasimama wima na kuitupa vizuri. Mchezaji aliyetaka mlio huo ulie kwa jina lake mbele ya wenzake alilazimika kulipia.

Jioni ile Eyotaru alimpigia simu.

"Daisy, toa hiyo kitu."

"Mama, hiyo ndiyo inalipa ada yangu. Sauti ya mbuzi hawanunui."

"Mjomba wako anajua?"

"Si alipiga mwenyewe mbele ya simu?"

"Alikupigia wewe. Hakupigia soko."

Daisy akacheka. Akasema mjomba sasa ni staa, apelekewe soda. Eyotaru aliishia shule ya msingi, na mambo ya kompyuta hakuyajua. Akakata simu. Toka siku hiyo cere ya Obitre ilisikika kila mahali, njiani, kisimani, hata nje ya kanisa, na watu wakazoea.

Kisha Obitre akaanguka ndani ya shimo la zamani la udongo wa matofali, lililofunikwa na majani, ng'ambo ya bonde. Mguu ukavunjika. Akafanya anachofanya mtu, akaita.

"Nilisikia, dada," jirani yake Alionzi alimwambia Eyotaru baadaye, macho chini. "Nilisikia sana. Nikasema watoto na simu yao wanasumbua, nikaendelea kulima."

Eyotaru hakuweza kumgombeza. Yeye pia alikuwa ameisikia akiwa jikoni, akafyonza, akaendelea kusonga ugali. Aliyemwona Obitre ni mwanamke aliyekuwa anatafuta mbuzi wake, na wakati huo sauti ilikuwa imekwisha kabisa kooni.

Mzee alipolazwa hospitalini Arua, Eyotaru akaenda Koboko. Hakukaa, hakunywa chai. Daisy alilia alipopata habari, akaifuta cere kwenye gemu mbele ya macho yake.

"Imeisha?"

Daisy akasema, "Kwangu imeisha."

"Kwako namna gani?"

Ndipo akaeleza. Mwanzoni, ili jina lake lijulikane, aliiweka kwenye ghala la milio la mtandao ule, akaruhusu yeyote aichukue. Wameichukua. Wengine wameikata, wengine wameichanganya na ngoma. Wengi wao hajui hata wako wapi. Mmoja tu alimjua, Yasiri, fundi simu pale pale Koboko, aliyeiweka kwenye gemu yake ya mpira.

Yasiri alikuwa na adabu. Alimpa Eyotaru kiti.

"Pole ya mzee, mama."

"Asante, mwanangu. Hiyo sauti iko na mwenyewe. Toa."

"Lakini Daisy aliandika kila mutu atumie. Mimi sikuiba."

"Sijasema umeiba. Nimesema toa."

"Nikitoa, wachezaji wanaenda kwa mwingine anayo. Nitakuwa nimepoteza bure." Akafuta kioo cha simu kwa shati. "Si mzee atafute ingine? Sisi tunabadilisha mlio wa simu kila siku."

Eyotaru alitafuta tusi la kumfaa. Kila alilopata lilimgonga binti yake kwanza.

"Nitaangalia, mama," Yasiri akasema, kwa upole ule ule ambao watu wa ofisini huutumia kumtoa mtu mlangoni.

Wodini Obitre alikuwa macho.

"Imetolewa?"

"Kwa Daisy, ndiyo."

"Na kwa wengine?"

Eyotaru akanyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka.

"Ile nilitengeneza nikiwa kijana," Obitre akasema. "Jina ya mama yetu iko ndani. Jina ya ng'ombe nililipa mahari nayo iko ndani. Sasa nikianguka tena, mimi nitaita na nini?"

Eyotaru alimnunulia simu ndogo. Obitre huisahau kitandani, na huko bondeni mtandao haushiki.

Sasa amerudi kwake, anatembea kwa fimbo, na hakubali kuhamia kwa dada yake kwa sababu ya karanga zake. Cere inalia bado. Eyotaru akiisikia, anaacha sufuria motoni, anafunga kitenge, anateremka bondeni. Karibu kila mara ni watoto. Wamekwisha kugundua kwamba inamkimbiza mama huyu, kwa hiyo wanaitupa makusudi ili wamwone akikimbia, na wanacheka.

"Waache, dada," Alionzi humwambia. "Unajua ni hawa."

"Najua," Eyotaru hujibu, naye hasimami.