Bomba la Verlyn

Mwezi wa nne, kabla ya kupanda mahindi, Verlyn Tjaden alileta mtambo wa kuchimba shambani mwake, kaskazini mwa Iowa, akafukia mabomba ya plastiki yenye matundu ili maji ya mvua yasituame kwenye mizizi. Bomba kuu lilipita chini ya kaburi la mama yake, Hulda, likatokeza mpakani, juu kidogo ya shamba la dada yake, Ardith.

Mvua ya kwanza yote ikaishia kwa Ardith. Kesho yake akatoka mama bombani. Ilitangulia miguu, likafuata gauni alilozikwa nalo, kisha Hulda mzima akasimama mtaroni akijikung'uta tope. Bomba lilikuwa jembamba, lakini Hulda hakuwahi kuwa mtu wa kusumbua.

Ardith alimpa taulo, kahawa na viazi vya kuoka na jibini. Ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho, kwa hiyo hakuhitaji kumuuliza anakaa kiti gani. Shamba zuri la juu Hulda alimwachia Verlyn; Ardith akapata bonde.

Akampigia simu mdogo wake.

"Mama yuko kwangu. Na maji yako pia yako kwangu."

"Mama kakuzoea wewe," alisema Verlyn. Alisema kazi ya maji ni kushuka, na si yeye aliyeyafundisha.

Mchungaji alipita, akamsalimia Hulda, akamuuliza kama atarudi kwenye kwaya. Hulda alisema kifua bado kizito.

Kufikia mwezi wa sita mahindi ya Ardith yalikuwa manjano, yamesimama majini, yananuka. Jumapili moja Verlyn akaja kula. Alimsimulia mama yake jinsi mahindi ya juu yalivyokuwa ya kijani kibichi, na Hulda akampapasa mkono kwa kiganja chake chenye maji.

Ardith akaweka uma chini. "Mama, mwambie ageuze bomba. Wewe anakusikiliza."

Hulda alimtazama kwa upole uleule wa zamani. Mikono ya gauni lake ilikuwa ikidondosha matone sakafuni.

"Mwenzio ana watoto, Ardith. Wewe unamlimia nani?"

Verlyn akasogeza sahani, Ardith akamwongezea viazi.

"Na vilivyobaki uwapelekee wajukuu wangu," akasema Hulda, na Ardith akainuka kutafuta bakuli lenye mfuniko.