Santuri ya Merle

Pipa la zawadi kutoka Brooklyn, Marekani, lilipofika Gouyave, mji wao wa kisiwani, Ignatius aliuruka mchele, sabuni na mashati mapya, akaenda moja kwa moja kwenye santuri. Binti yao Merle alikuwa amerekodi sauti yake kwenye sahani moja ya santuri, akaituma pamoja na mashine ya kuipigia. Tangu aondoke hawakuwa wamemsikia.

Plagi ya mashine ilikuwa na vijiti viwili bapa. Ukutani kulikuwa na matundu matatu. Mkewe Eutrice alitaka kuazima adapta kwa jirani.

"Adapta inabadilisha miguu tu," Ignatius alisema. "Volti zetu zitaikaanga kama samaki."

Akavuta uvunguni transfoma yake, nzito kama jiwe la kusagia, inayopunguza umeme hadi nusu. Kwa transfoma hiyo alijigamba Gouyave nzima. Sahani ikazunguka. Sauti ikatoka nzito, ya kujikokota, kama ya mwanamume mwenye homa: "Maaama, ni miiimi Merle..."

Eutrice aliinua sindano haraka.

"Ameazima koo lako," alisema, lakini hakucheka. "Mtoto anaumwa, Baba Merle. Anaumwa na anatuficha."

"Haumwi! Umeme wa Marekani unapiga mbio kuliko wetu. Transfoma inapunguza nguvu, mwendo haiugusi. Mota inatambaa tu."

Alisema kwa kujiamini, ila moyoni hakuwa na hakika hata chembe. Dada yake alizungumza vile vile siku zake za mwisho.

"Basi iongezee mwendo."

"Haiwezekani."

Eutrice alikuwa mshonaji, na neno hilo hakulipenda hata kidogo. Alichomoa plagi, akalitoa duara linalozungusha sahani, akachungulia chini yake. Kulikuwa na kigurudumu kidogo cha mota, mkanda wa mpira, na gurudumu kubwa.

"Kumbe cherehani tu!"

Akakata utepe wa plasta ya vidonda, akakizungushia kile kigurudumu. "Kikinenepa, kitavuta mkanda mwingi zaidi."

"Utaiua, mwanamke!"

"Nikiiua nitaizika. Kaa chini."

Akarudisha kila kitu mahali pake, akachomeka plagi. Safari hii mwendo ulizidi, Merle akalia kama kifaranga, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Eutrice akabandua plasta kidogo, akasikiliza salamu ile huku amefumba macho, akabandua tena. Ignatius alivitazama vidole vyake, akaona haya. Miaka yote hiyo kumbe alikuwa akijigamba kwa kipande cha chuma tu.

"Mama, ni mimi Merle."

Alikuwa Merle mwenyewe, na kicheko chake cha puani. Eutrice hakuigusa tena sindano.

"Mama, mwambie Baba aache kulia. Mimi mzima."

Ignatius alikuwa amejifunika uso kwa shati jipya, bado lina karatasi yake.

"Umesikia mwanao?" Eutrice aliuliza.

"Sijasikia," alijibu ndani ya shati. "Rudisha mwanzo."